Saa ya Mkono ya Marehemu

Asubuhi ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, ambacho huenda kimo nyumbani mwako wakati huu unapotusikiliza. Pengine kimefungwa katika leso ndani ya sanduku la mama. Pengine kimo katika mkebe wa vifungo na sindano, au kimetundikwa kwenye msumari karibu na kitanda. Ni saa ya mkono ya mtu ambaye hayupo tena.

Tulipozungumza juu ya urithi wa mashamba, barua kadhaa zilizotufikia hazikuuliza habari za shamba hata kidogo. Ziliuliza habari za saa. Mmoja auliza kama si vibaya kuvaa saa ya mtu aliyekufa. Mwingine ana saa nne, ya babu, ya baba, ya mjomba, na ya shangazi yake aliyekuwa muuguzi, naye mkewe amwambia kwamba anakusanya takataka. Wa tatu ni binti, na barua yake ni ngumu kuliko hizo mbili. Tutaifikia mwishoni.

Huyu wa kwanza tumjibu upesi. Elisha aliokota vazi la Eliya, bwana wake alipokwisha kuondoka, akalipiga nalo maji ya Yordani. Hatusomi kwamba aliogopa. Ikiwa wazee wa ukoo wako wana utaratibu wao wa kugawa vitu vya marehemu, uheshimu, ungoje siku yenyewe, kisha uvae.

Sasa tuitazame saa yenyewe, maana wengi wetu tunarithi kitu bila kukijua. Igeuze, utazame mgongo wake. Katika nyumba nyingi za Kenya saa hiyo itakuwa Seiko 5, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1963. Ile tano ilikuwa ni ahadi tano: kwamba saa itajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, kwamba siku na tarehe zitaonekana katika dirisha moja, kwamba itastahimili maji, kwamba kifundo chake kitakuwa kwenye saa nne ya uso, kimejificha, kisimchome mtu mkononi, na kwamba kasha lake na mkanda wake vitakuwa imara. Katika Seiko nyingi za tangu mwisho wa miaka ya 1960, mgongoni pana nambari ndefu. Tarakimu yake ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Ikianza na 7 na 5, basi ilitengenezwa mwezi wa Mei, katika mwaka unaoishia na saba. Ni 1977 au 1987? Hapo nambari nyingine iliyoandikwa karibu nayo, ile ya mtambo, itamsaidia fundi kujua ni mwongo upi wa miaka. Saa nyingine zilizofika kwetu kupitia Ghuba zina siku zilizoandikwa kwa Kiarabu, na ukikizungusha kile kifundo, siku za Kiingereza nazo hutokea. Watoto hufurahi sana kuonyeshwa jambo hili.

Ikiwa babu yako alikuwa askari, tazama zaidi. Majeshi ya Afrika Mashariki yalipigana Burma mwaka 1944, na saa iliyotengenezwa kwa ajili ya serikali ya Uingereza wakati ule ilitiwa alama ya mshale mpana. Zile zenye herufi W tatu mgongoni zilitengenezwa na makampuni 12 ya Uswisi vita vilipokuwa vikielekea kwisha. Saa ya namna hiyo haikutengenezwa ipambe duka.

Ndani ya saa za zamani hamna betri. Mna utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa, ambao mafundi wetu huuita kamani. Ukiitia saa ufunguo, unaikaza kamani. Nayo katika kujikunjua huyasukuma magurudumu, na gurudumu dogo la mwisho huenda na kurudi, kwenda na kurudi. Saa nyingi za kale hupiga mara tano kwa kila sekunde. Fanyeni hesabu: ni mara 432,000 kwa siku moja, usiku na mchana. Yale maneno usomayo usoni mwake, kwamba ina vito 17, si majivuno ya bure. Ni mawe mekundu madogo ambayo vyuma vyembamba huzunguka juu yake ili visilike. Mawe hayo hutengenezwa na watu, tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipoionyesha njia yake mwaka 1902, kwa hiyo usimsikilize mtu atakayekuambia kwamba saa yako ina hazina ya rubi ndani.

Jambo moja latupendeza zaidi. Waliozitengeneza huko Japani na Uswisi hawakujua kwamba kwetu siku huanza jua linapochomoza. Mshale mfupi ukisimama penye 7, sisi twasema saa moja. Basi mtoto alipofundishwa na babu yake kusoma saa, aliambiwa autazame mshale unapoelekea, kisha aisome nambari iliyo ng'ambo yake. Saa ilisema neno moja, nasi tukasikia lingine, na wote wawili tulikuwa sahihi. Huko pwani mshale huo huitwa akrabu, jina ambalo Waarabu humwita nge. Neno hilo sasa wengi wa vijana hawalijui, na ni hasara.

Mbona saa hizi zimelala masandukuni? Sikukuu ya Kuzaliwa ya mwaka 1969, tarehe 25 Desemba, Seiko ilileta sokoni saa ya mkono ya kwanza yenye kuongozwa na jiwe la kwatsi na betri. Iliuzwa yeni 450,000, kiasi cha bei ya gari dogo. Miaka michache baadaye saa za namna ile zilikuwa rahisi mno, na leo zauzwa njiani juu ya gunia. Huko Uswisi waliokuwa wakifanya kazi ya saa walikuwa kiasi cha 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 iliyobaki ni kama theluthi moja tu. Kisha ikaja simu ya mkononi, na sasa kijana akitaka kujua wakati hutia mkono mfukoni kama babu zake wenye saa za mnyororo. Basi saa ya baba haina kazi tena. Ndiyo maana mkewe yule ndugu wa saa nne aiita takataka, wala hatumlaumu sana, kwa kuwa yeye ndiye anayepangusa vumbi.

Lakini tumwambie mumewe hivi: ukitaka kuzitunza, zitunze vizuri. Mafuta yaliyo ndani ya saa huganda baada ya miaka. Saa iliyolala miaka ishirini, usiitie ufunguo kwa nguvu ili uone kama itakwenda. Ipeleke kwanza kwa fundi aifungue, aioshe, aitie mafuta mapya. Tafuta fundi mzee, naye usimwache afanye apendavyo. Mwambie asiupake rangi mpya uso wa saa, na asisugue kasha mpaka ling'ae. Ile mikwaruzo ilitiwa na jembe la baba yako, au na chaki, au na usukani wa lori. Ukiiondoa utabaki na saa safi isiyomjua mtu yeyote. Akibadilisha kipande, akurudishie kile cha kale katika bahasha. Wala usioshee vyombo nayo, hata kama imeandikwa kwamba yastahimili maji: mipira inayozuia maji huzeeka kama sisi. Fundi akiufungua mgongo, mwombe akuonyeshe ndani ya kifuniko. Mafundi wengi wana desturi ya kukwaruza humo alama ndogo na tarehe, kila mmoja siku aliyoitengeneza. Ni kama daftari la kliniki.

Tena, tafadhali, sikilizeni hili kwa makini, maana lahusu afya. Saa za zamani zilizowaka gizani, nyingi zilipakwa radiamu. Huko Marekani wasichana waliajiriwa kuzipaka nambari, nao waliichonga ncha ya brashi kwa midomo yao kama walivyofundishwa. Wengi waliugua mifupa na taya, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1928 wanawake watano wa New Jersey walipata mapatano na kampuni iliyowaajiri, baada ya kesi iliyojulikana dunia nzima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 radiamu ilikuwa imeachwa katika kazi hii. Sasa saa ya babu yako haiwaki tena, nawe wadhani sumu imekwisha. Haikwisha. Kilichochoka ni ule unga uliokuwa ukiwaka. Radiamu yenyewe huchukua kiasi cha miaka 1,600 kupungua nusu. Ikiwa nambari zake zina rangi ya hudhurungi iliyoungua, usiifungue mwenyewe, usizikwaruze, usimpe mtoto achezee, wala usiilaze mtoni mwa kitanda. Mweleze fundi kabla hajaigusa. Ukiona herufi T chini kabisa ya uso wa saa, hiyo ni tritiamu, ambayo ilikuja badala ya radiamu, nayo hupungua nusu kwa miaka kama kumi na miwili.

Tuje kwenye bei, maana wako wanunuzi wanaopita vijijini na mjini wakiwa na pesa mkononi, nao huijua saa yako kuliko wewe. Mwigizaji wa filamu wa Marekani, Paul Newman, alipewa na mkewe Joanne Woodward saa ya Rolex, na nyuma yake mkewe aliagiza yachorwe maneno machache ya kumwomba aendeshe gari kwa uangalifu, kwa kuwa bwana huyo alipenda mashindano ya magari. Mwaka 1984 Newman alimpa saa hiyo kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Tarehe 26 Oktoba 2017 iliuzwa kwa mnada huko New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Sehemu ya fedha ilikwenda katika mfuko wa hisani wa binti huyo. Hatusemi kijana yule alikosea kuuza. Twajiuliza tu ni nini hasa kilichonunuliwa siku ile, chuma, au mke aliyekuwa na hofu juu ya mumewe barabarani.

Saa yako haitaleta milioni 17. Huenda ikaleta ada ya muhula mmoja, na kama mtoto amefukuzwa shuleni, jambo hilo si dogo. Nabothi alikataa kumwuzia mfalme shamba la mizabibu la baba zake, naye akafa kwa ajili yake. Lakini Nabothi hakuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, au kama alikuwa naye Maandiko hayasemi. Anayeuza kwa shida, auze kwa bei ya haki, akiwa ameuliza mafundi wawili kwanza. Anayeuza ili anunue simu mpya, huyo tungependa kukaa naye kidogo kabla hajakwenda.

Shida kubwa zaidi ni ndugu. Shamba hupimwa likagawanywa. Ng'ombe huhesabiwa. Saa haigawanyiki. Katika parishi moja tuliyopata kutumika alifariki mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kengele ya shule ile ilipigwa kwa saa yake ya Seiko miaka mingi, na kijiji kizima kiliijua. Siku ya tatu baada ya maziko, wanawe watatu walikuwa hawasemezani. Wa kwanza alisema, “Mimi ndimi kifungua mimba.” Wa pili akasema Baba alimwambia hospitalini, walipokuwa wawili peke yao, kwamba saa ni yake. Wa tatu hakusema mengi, lakini ndiye aliyelipa hospitali, na kila mtu alilijua. Wakatuita tukawaamue chini ya mwembe.

Mtakumbuka kwamba mtu mmoja alimwomba Bwana Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi, naye akakataa kufanywa mwamuzi. Sisi nasi hatukutaka kuwa waamuzi. Tulileta kitabu cha sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, yasema wazi katika kifungu cha 35 kwamba mtu akifa bila wasia, akaacha mke mmoja na watoto, vitu vyake vya mwilini na vya nyumbani ni vya mjane, vyake kabisa. Navyo ni nguo, vitu vya matumizi yake mwenyewe na mapambo, samani, vyombo, gari halimo. Saa imo. Kwa habari ya maneno ya hospitalini, wasia wa mdomo wahitaji mashahidi wawili au zaidi, na msemaji awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Maneno ya faraghani kati ya baba na mwana huenda yakawa ya kweli kabisa, lakini hayawi wasia. (Mwenye wake zaidi ya mmoja ana kifungu chake, cha 40, na ndugu zetu Waislamu wana sheria yao. Waulizeni wanaojua.)

Vijana wale walishangaa. Walikuwa wamegombana siku tatu juu ya kitu ambacho hakikuwa cha hata mmoja wao, na mwenyewe alikuwa ndani ya nyumba, ameketi na akina mama, hakuna aliyemwuliza. Mmoja wao akasema, kwa sauti ya chini lakini ilisikika, “Mama hata kusoma saa hajui.”

Mama akatokea mlangoni. Akasema, “Kusoma sijui. Lakini nimeisikia karibu na sikio langu kila usiku miaka thelathini na minne. Nyinyi mmeisikia mara ngapi?”

Hakukuwa na la kujibu. Wa kwanza akaivua mkononi akampa kwa mikono miwili. Mama hakuitia sandukuni kama tulivyodhani. Aliipeleka kwa fundi viatu, akatobolewa mkanda matundu mawili zaidi, akaivaa. Na hiyo ndiyo iliyoiponya saa yenyewe, maana Seiko ya namna ile ikiwekwa mezani husimama kabla ya siku mbili kwisha. Yataka mkono wenye kazi. Ilikwenda naye shambani, kisimani, na kwenye mkutano wa Umoja wa Akina Mama. Jioni humwita mjukuu mmoja amsomee ni saa ngapi. Yule mwana wa pili hakuridhika, na hadi tulipoondoka parishi ile alikuwa akisema Baba alimwambia. Twamwamini.

Si kila mara kitu hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Katika makumbusho ya Hiroshima huko Japani pana saa ya mfukoni ambayo kijana alimpa baba yake, na baba hakuachana nayo kamwe. Ilisimama saa mbili na robo asubuhi, tarehe 6 Agosti 1945, bomu lilipoanguka. Baba alikufa kwa majeraha siku chache baadaye, na miaka mingi ikapita, mwana akaitoa kwa makumbusho. Mishale yake iliungua, lakini kivuli chake kimebaki usoni. Fundi hataitengeneza saa ile, na ni sawa.

Sasa barua ya yule binti. Yeye ni mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mlevi, naye alimpiga mama yake mpaka mama akahama. Baba alipokufa, watu wa ukoo walimletea binti saa, wakasema, “Huu ndio urithi wako.” Hawezi kuivaa. Hawezi kuitupa. Atuuliza, je, amri ya kuwaheshimu wazazi yamlazimu kuipenda saa hii?

Mwenye Biblia na atafute habari za mfalme Hezekia. Alipougua akapewa ishara, kivuli kilirudi nyuma madaraja kumi katika madaraja ya Ahazi. Wataalamu wengine husema ile ilikuwa saa ya jua, wengine kwamba ni ngazi tu za jengo; chuoni hoja hii ilitumaliza asubuhi nzima, na chai ikapoa. Iwe ni saa au ngazi, ilikuwa na jina la Ahazi, na Ahazi alikuwa baba yake Hezekia. Baba gani? Aliyemteketeza mwanawe kwa moto. Aliyeifunga milango ya hekalu. Hezekia alipotawala, mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza aliifungua milango ile. Alivunja mengi. Alivunja hata nyoka ya shaba aliyoifanya Musa, kitu cha urithi chenye heshima kuliko vyote, kwa kuwa watu waliifukizia uvumba. Lakini madaraja ya baba yake mwovu hakuyavunja, wala hakuyabadilisha jina. Yalikuwa bado yapo siku alipokuwa kitandani.

Tulimwandikia binti huyo kwamba si lazima aivae, wala si lazima aseme kwamba baba yake alikuwa mtu mwema. Tulimshauri autoe mkanda wa ngozi, maana jasho la kale huozesha chuma, na aiweke mahali pakavu, pamoja na kikaratasi chenye jina la baba, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa, na maneno mawili matatu ya kweli. Ampe fundi aiangalie, ili isiharibike kabla yeye hajaamua.

Ametujibu wiki iliyopita. Fundi aliifungua. Ndani ya kifuniko alikuta alama tatu zilizokwaruzwa kwa sindano, za mafundi watatu, na moja ina tarehe ya mwezi na mwaka aliozaliwa yeye. Baba yake alikuwa ameipeleka saa kuoshwa mwezi ule. Anasema bado hajaivaa, lakini ameinakili tarehe hiyo kwenye kile kikaratasi.

Wakati wetu umekwisha. Kwaherini.